Uzito wa lori lililosimama hautoi umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niizungumzie barua ya msomaji mwenzangu aliyependekeza vigae vya fuwele vifukiwe chini ya barabara za Kampala, ili uzito wa malori yaliyokwama katika foleni utupatie umeme usiku na mchana. Nia yake ni njema, na fuwele za namna hiyo zipo kweli. Kosa limo katika neno "uzito", na sioni vyema liachwe lienee, kwa kuwa wanafunzi wangu wamekwisha kulileta darasani kama jambo lililothibitishwa.

Tabia ya fuwele hizo kutoa umeme zinapobanwa, iitwayo piezoelektriki, iligunduliwa Ufaransa mwaka 1880 na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walipozibana fuwele za madini ya kwatzi na ya turmalini, na hata za sukari ya miwa, wakapima chaji ya umeme kwenye nyuso zake. Sisi wa Jinja, tunaoishi jirani na mashamba ya miwa, tunazo fuwele hizo jikoni. Chumvi tunayotia katika mboga nayo ni fuwele, lakini haitoi kitu hata ikibanwa namna gani, kwa sababu atomu zake zimepangwa kwa ulinganifu kamili, na kila chaji inayosogea upande mmoja ina mwenzake anayesogea upande wa pili. Katika kwatzi ulinganifu huo umepungua: ukiibana kwa mwelekeo unaofaa, silikoni yenye chaji chanya na oksijeni yenye chaji hasi huachana kidogo, uso mmoja ukawa chanya na wa pili hasi. Ukiivuta badala ya kuibana, nyuso hizo hubadilishana.

Chaji hiyo hulingana na kani, yaani nguvu ya kubana au kuvuta, iliyotumika. Kani ikiongezwa mara mbili, chaji nayo huongezeka mara mbili. Hata hivyo hupita kwenye waya pale tu kani inapobadilika. Lori likipanda juu ya kigae, umeme hupita mara moja tu. Likisimama hapo saa nzima, hakuna kinachoongezeka, na chaji iliyokwisha kutokea huvuja mpaka iishe. Likiondoka, umeme hupita tena, safari hii kwa mwelekeo wa kinyume. Mwenye kiberiti cha gesi cha kubonyeza amekwisha kuliona jambo hili: nyundo ndogo iliyo ndani huigonga kauri yenye tabia hiyo hiyo, zikatokea volti maelfu na cheche moja, lakini ukiendelea kukishikilia kitufe hupati cheche ya pili.

Hata magari yakitembea, hesabu haikubali. Kuchemsha kikombe cha chai cha mililita 250 hapa kwetu, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kunahitaji nishati ya takriban juli 75,000. Tuanze na anayetembea kwa miguu: tukijalia kwamba kila hatua yake juu ya kigae inatoa juli moja, na huo ni ukarimu mkubwa kwa kuwa kauri ngumu hunywea sehemu ndogo mno ya milimita, tutahitaji hatua 75,000 kwa kikombe kimoja. Kwa gari, nishati ya ziada hutoka katika tangi lake: kigae kikibonyea, tairi hulazimika kupanda kutoka katika kibonde kilichojitokeza, na anayelipa ni dereva, kwa petroli yake.

Kazi inayozifaa fuwele hizi barabarani ni kupima. Katika nchi kadhaa, vipimio vya kwatzi hufukiwa ndani ya lami ili kujua uzito wa malori yakiwa mwendoni, bila kuyasimamisha, na huko uchache wa chaji haudhuru, kwani kinachotafutwa ni ukubwa wa kani tu. Kwa barabara yetu ya Malaba hadi Kampala, inayoumizwa na malori yaliyozidisha mzigo, pendekezo la namna hiyo ningeliunga mkono kwa moyo wote, nami ningefurahi msomaji mwenzangu akilichukua na kuliandikia barua yake ijayo.

Mwalimu wa fizikia,
Jinja