Magari ya zamani ya zimamoto yasikatwe kabla ya kukaguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu magari ya zamani ya zimamoto, ambayo huko nyumbani yakishatolewa kazini huachwa juani mpaka matairi yakaoza, kisha huuzwa kwa kilo.

Mimi ni fundi magari mstaafu niishiye Uingereza, na kwa miaka kadhaa sasa Jumamosi zangu huishia chini ya gari moja la zimamoto la kijani, lori la Bedford, la aina ambayo Waingereza huiita Green Goddess. Magari hayo yaliundwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kikosi cha akiba kilichoandaliwa kukabili moto endapo nchi ingepigwa mabomu ya nyuklia. Vita hiyo haikuja na kikosi kikavunjwa mwaka 1968, lakini magari yalitunzwa ghalani, na wazimamoto walipogoma mwaka 1977, na tena mwaka 2002, wanajeshi ndio walioyapanda kwenda kuzima moto. Yalipouzwa hatimaye, baadhi yaliangukia mikononi mwa watu kama sisi, wenye subira kuliko fedha.

Wengi hudhani kazi yetu ni kupaka rangi na kupiga kengele. Kazi yenyewe ni pampu. Ikikaa kavu muda mrefu, vizibo vya shafti hukakamaa na kupitisha hewa, na pampu inayovuta hewa hainyonyi maji hata uibembeleze vipi. Ndiyo maana kila mara tunalipeleka gari bwawani, tunatumbukiza mpira wa kunyonyea, tunaondoa hewa, kisha wote tunanyamaza tukiikodolea macho geji, mpaka mpira unapokuwa mzito ghafla na kutulia. Kabla ya majira ya baridi hatuna budi kumwaga maji yote, kwa maana yakiganda hupasua chuma; mwenzetu mmoja alisahau koki moja tu, akakuta ufa wa urefu wa kidole kwenye bodi la pampu. Injini iliyokwama naweza kuihangaikia, ila ufa ule ulinitoa jasho.

Nilipokuja likizo nilikuta katika yadi ya halmashauri moja, ambayo sitaitaja, gari la zimamoto la zamani likisubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Niliomba nilikague bila malipo, nikaambiwa niandike barua. Niliandika, na sikujibiwa. Sidai kwamba kila gari bovu lihifadhiwe, maana mengine yamekwisha kweli. Ninachoomba ni kwamba halmashauri zitangaze magari haya kabla ya kuyakata, na zimwite walau dereva mmoja mstaafu aliyewahi kuliendesha aseme kilichobaki ndani yake. Lile nililoliona lilikuwa na pampu yake kamili, na valvu zake bado zilifunguka kwa mkono.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mstaafu,
Coventry, Uingereza