Mjomba, jina sijaweka ila unajijua

Shikamoo mjomba. Naandika huku kwa sababu ana kwa ana kila nikianza habari ya pombe unabadilisha mada, mara Yanga, mara bei ya ndizi Kiboriloni, alafu unanitumia soda kama mtoto.

Kilichonishtua ni soksi. Juzi pale kwa bibi Kibosho ulivyovua viatu nikaona alama ya lastiki imezama mguuni kama umefungwa kamba, nikabonyeza kidole juu ya kifundo, ukacheka ukasema nakutekenya, nikatoa kidole na shimo likabaki palepale. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi bado lipo. Huko siyo kunenepa mjomba. Na hilo tumbo wanalokusifia eti mangi hela imekubali, mbona mikono na mashavu vimekwisha?

Najua utasema pombe haijawahi kukuangusha, na kweli, kata tatu za mbege (ile pombe yetu ya ndizi), bia nne, alafu kale kachupa ka kufungia (viroba vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017 si ulitangaza umeacha kali, wiki haijaisha ukahamia kwenye vichupa), na bado unapanda kile kilima umenyooka. Ila kutokulewa zaidi ni ubongo ndo umezoea, ini linaendelea kuumia tu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe yenyewe, na ini linamudu kuchoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwahiyo bia moja tu ni masaa mawili na zaidi, piga hesabu ya nne bila hata kugusa mbege, unaamka saa kumi na mbili kwenda kukatia ng'ombe majani lenyewe bado liko kazini. Supu haiharakishi. Na mbege sawa ni mila, ina ndizi na ulezi, sijasema imwagwe, ila ini halina habari na mila.

Ubaya ini haliumi mapema. Linaanza kujaa mafuta, hapo ukiacha pombe wiki kadhaa yanaweza kuondoka kabisa. Ukiendelea miaka linaota makovu linakuwa gumu, na makovu siyo mafuta, hayaondoki kirahisi. Sasa damu yote inayotoka kwenye utumbo lazima ipite kwenye ini kwanza, we si unajua mfongo, ule mfereji wa maji, ukizibwa huko chini maji yanavyofanya, yanarudi juu yanamwagikia kihamba, shamba la jirani. Ndo hivyohivyo, maji yanajaa tumboni, miguu inavimba, na mishipa ya kwenye umio inatuna mpaka siku inapasuka mtu anatapika damu beseni zima. Hapo ndo watu wanaanza kusema karogwa.

Kuna kitu kinaniuma zaidi maana nimeshiriki. Panadol. Unakuja dukani asubuhi kichwa kinagonga nakupa mbili, jioni mbili tena, na mimi ndo nakuuzia. Panadol nayo inapita hukohuko kwenye ini, na la mnywaji wa kila siku linatengeneza sumu nyingi zaidi kutokana nayo huku akiba ya kuipoza imepungua. Kuanzia leo kwangu hupati bila daktari, ukinuna nuna tu.

Yale maumivu ya juu ya tumbo yanayotokea mgongoni, unayosingizia mikungu ya ndizi, ambayo ukiinama mbele yanapoa kidogo, yanaweza kuwa kongosho, na kongosho likiharibika sukari inafuata. Ganzi ya nyayo pia, pombe inamaliza vitamini B1 mwilini. Saratani ya umio sitaki hata kuiongelea, ila tangu 1988 pombe imewekwa kundi moja na sigara kwenye vitu vinavyojulikana kabisa kuleta saratani.

Sasa hapa nisikilize vizuri maana nakujua, utasoma hii utakasirika useme basi kesho naacha yote. USIACHE GHAFLA peke yako. Asubuhi kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili, nimekuona, na mwili uliofika hapo ukikatiwa pombe siku moja unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, au siku ya pili ya tatu ukaanza kuona vitu ambavyo havipo, na watu wanakufa kwa hiyo. Inaachwa daktari akijua, kuna dawa za kutuliza na hiyo B1.

Nimeomba ruhusa Jumanne. Saa moja na nusu nitakuwa hapo getini kwako twende hospitali, watapima damu na ultrasaundi, nauli juu yangu. Vaa ndala tu, viatu najua havikuingii.