Seva ikikwama, apu yako isimwambie mteja "malipo yamekataliwa"

Hii tunaisikia sana kwa wenye maduka hapa Kampala. Mteja amelipa kwa simu, pesa imetoka, apu ikamwandikia "malipo yamekataliwa", akabonyeza tena, sasa amekatwa mara mbili na yuko mlangoni anadai hela yake. Na ana haki kabisa.

Seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya apu, kukwama kupo tu, umeme unakatika, mtandao unasuasua, hata kampuni kubwa zinakwama. Kinachotuuma ni apu kutoa jibu ambalo yenyewe hailijui. Seva hujibu kwa namba, zinazoanza na 2 ni kwamba imekubali, zinazoanza na 4 ombi lenyewe lina kasoro, labda kuna kitu kimejazwa vibaya, na zinazoanza na 5 ni seva yenyewe ina shida. Sasa chukua 504: hiyo inasema tu kwamba seva ya mbele (inayopokea ombi la apu) imesubiri jibu la seva ya nyuma (inayoshughulikia malipo yenyewe) mpaka muda ukaisha, na huko nyuma pesa inaweza kuwa imeshakatwa zamani! Ni kama umetuma boda na mzigo Ntinda halafu simu yake ikazima, hutumi mzigo mwingine palepale, unampigia kwanza aliyetumiwa.

Kwa hiyo hapo skrini iandike "Bado tunahakikisha malipo yako, tafadhali usilipe tena", halafu apu iulize yenyewe hali ya muamala ule. Na ili iweze kuuliza lazima kila oda iwe na namba yake ya kipekee, inayotengenezwa mara moja mteja akibonyeza Lipa, na ikitumwa tena inatumwa ileile, ili seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu la kwanza badala ya kukata pesa upya. Bila hiyo namba msijaribu kabisa kutuma malipo mara ya pili, nawaomba.

Kujaribu tena nako kuna adabu yake. Subiri sekunde 1, halafu 2, 4, 8, uongeze na kamuda kidogo ka bahati nasibu ili simu zote zisiivamie seva kwa pamoja ndo inaamka. Seva ikituma 503 (kwa sasa haipatikani) au 429 (maombi yamezidi) na ikataja muda kwenye Retry-After, yaani sehemu ya jibu inayosema usubiri kiasi gani, heshimu huo muda.

Kingine ambacho mafundi wengi wanakisahau, seva ya nyuma ikianguka ile ya mbele mara nyingi inarudisha ukurasa wa HTML (maandishi ya kurasa za wavuti) badala ya JSON (mpangilio wa data ambao apu inausoma), apu inatarajia alama ya { inakuta <, inajifunga yenyewe na mteja hajui kimetokea nini. Angalia namba ya jibu kwanza, kisha aina ya jibu, ndo usome kilichomo. Na ukikutana na namba usiyoijua, kanuni za 2022 (RFC 9110) za HTTP, yaani utaratibu ambao apu na seva huzungumza kwao, zinasema ichukulie kama ya kwanza ya kundi lake, yaani 599 unaishughulikia kama 500.

Kama una apu inayopokea malipo, njoo nayo kwenye simu ya kawaida kama wanazotumia wateja wako, tutazima seva ya majaribio katikati ya malipo ukiwa umekaa hapo hapo, uone mwenyewe skrini inaandika nini.