Dobi wa Central City

Denver, Colorado, Marekani, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto wote. Mimi mzima, ila baridi imeshaanza na mikono inapasuka kila siku. Picha za milima ulizoniomba nitakutumia kwenye simu. Haya mengine hayawezi kukaa kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jumatano nilikuwa ofu, nikapanda basi hadi Central City. Ni mji mdogo milimani, magharibi ya Denver, yapata mita 2,600 juu ya bahari. Sisi tuliokulia mchangani Bagamoyo, kule ukipanda ngazi kumi unasimama kuvuta pumzi. Siku hizi watu wanakwenda huko kucheza kamari na abiria wenzangu wote walishukia huko huko kwenye kamari. Mimi nilimfuata dobi aliyefariki mwaka 1885.

Aliitwa Clara Brown. Watu wa mji ule walimwita Shangazi Clara. Alizaliwa mtumwa huko Virginia, karibu na mwaka 1800, akakulia Kentucky, akaolewa na kuzaa watoto wanne. Wawili walikuwa mapacha wa kike, na mmoja wa mapacha hao alikufa maji angali mdogo. Mwaka 1835 bwana wao alifariki, mali yake ikapigwa mnada, na wao walikuwa sehemu ya hiyo mali. Mume akaenda kwake, mtoto wa kiume kwake, binti mkubwa kwake. Na Eliza Jane, yule pacha aliyebaki, mtoto wa miaka kama kumi, akachukuliwa na mnunuzi mwingine.

Nilimkumbuka bibi yangu. Unakumbuka alivyokuwa akisema, "Bibi yangu mimi alikuja na msafara, Mmanyema yule," halafu ananyamaza na kuendelea kuchambua mchele? Hatukuwahi kumuuliza aliacha nani huko. Leo namtamani aamke nimuulize.

Clara aliachwa huru mwaka 1856, umri umeshapita miaka hamsini, na sheria ya Kentucky ikamtaka aondoke katika jimbo. Miaka mitatu baadaye habari za dhahabu ya Colorado zikavuma na watu wakamiminika. Mtu mweusi hakuuziwa nafasi kwenye magari ya abiria. Akapatana na msafara mmoja kule Leavenworth, Kansas: yeye awapikie na kuwafulia, wao wambebee masufuria yake ya kufulia. Masufuria yakapanda gari la maksai. Mwenyewe akatembea, wiki nane, zaidi ya kilomita 1,000. Chukua njia ya wapagazi, kutoka kwetu hadi Ujiji, ndipo utaelewa ni mwendo gani, na kwa umri ule!

Wenyeji wa hapa wana neno la heshima kwa watu wa namna hiyo, waliotangulia kufungua nchi. Mimi neno la kufungua nchi linanikwaza, kwa sababu nchi haikuwa imefungwa. Denver imejengwa katika ardhi ya Waarapaho na Wacheyenne, wenyeji wa asili. Novemba 1864, miaka mitano tu baada ya Clara kufika, wanajeshi waliivamia kambi yao pale Sand Creek na kuua watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Siwezi kukusimulia habari za Clara nikaliruka hilo. Lakini yeye hakuja kumnyang'anya mtu. Alikuja kufua nguo, huku akitumaini kwamba katika watu wote wale waliokuwa wakielekea magharibi, labda na mwanawe angekuwamo.

Nilisimama kwenye barabara moja ya mteremko nikajaribu kuiona kazi yake. Wachimbaji wanatoka mashimoni na mashati ya flaneli yaliyoganda tope. Maji lazima yabebwe na kuni zipasuliwe. Unachemsha, unasugua kwenye ubao, unasuuza, unakamua kwa mikono yako, unaanika. Majira ya baridi kama haya shati likianikwa linakuwa gumu kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Alitoza senti 50 kwa shati. Shoga, mimi nafua kwa mashine, nabonyeza kitufe tu, na jioni bado mgongo unaniuma.

Kwa hiyo senti 50 alinunua nyumba na viwanja, akaweka hisa kwenye machimbo. Inasemekana baada ya miaka michache mali yake ilifika dola 10,000. Nyumbani kwake walisali, wagonjwa wakauguzwa hapo, na wasio na pa kulala wakalala. Utumwa ulipokwisha alirudi Kentucky kumtafuta Eliza Jane. Hakumpata. Badala ya kurudi mikono mitupu, alirudi na kundi la watu waliotoka utumwani, nauli juu yake, akawasaidia kupata kazi.

Hakujua kusoma wala kuandika. Barua za kumtafuta mwanawe aliandikiwa na watu, mwaka baada ya mwaka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wakati huo Clara alikuwa bado anauliza. Mafuriko na moto vilishamlia sehemu kubwa ya mali, bado anauliza.

Mwaka 1882 akapata habari kutoka Council Bluffs, Iowa: yuko mwanamke huko anaitwa Eliza Jane, asili yake Kentucky. Safari hii alipanda treni, bibi wa miaka themanini hivi. Alikuwa ndiye. Miaka 47, shoga. Aliyechukuliwa mtoto alikuwa sasa mwanamke mtu mzima. Sijui nikuelezeje, nilipofika hapo nilikaa kwenye ngazi za watu nikalia.

Mungu aliwapa kama miaka mitatu tu ya kujuana tena. Oktoba 1885 Clara akafariki hapa Denver, na chama cha waliotangulia Colorado, ambacho kabla yake kilikuwa cha wanaume weupe, kikamzika kama mmoja wao. Kwenye jengo la serikali ya jimbo kuna dirisha la vioo vya rangi lenye sura yake. Nikipata ofu nyingine nitakwenda kuliona.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie usiku huu. Wewe unajua ninabeba boksi, lakini mama anajua niko ofisini. Miaka minne namwambia "niko ofisini hotelini," na yeye anawaambia majirani. Ninafua mashuka, shoga. Mashuka na taulo, saa nane kwa siku, na fedha ile ndiyo iliyoezeka nyumba yake na kumlipia mdogo wangu ada. Usimwambie kitu. Ijumaa baada ya sala nitampigia mwenyewe, nitaanza na habari za Clara. Wewe pita tu siku hiyo, kaa naye jikoni kidogo.

Ni mimi, shogayo