Barua kwa binti yangu aliyefika 50

Mwanangu, na kwa vile umebeba jina la mama yangu wacha nikuite pia mama, habari za Nakuru. Huku Khayega tuko salama, mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, kunde tumeanza kuchuma na mrenda ni mingi mpaka nawagawia majirani. Kakako na watoto wote wanakusalimia.

Nimeamua nikuandikie badala ya kupiga, juu kwa simu wewe hubadilisha stori haraka. Siku ile ya birthday yako ulisema, "Mum, nimefika 50, kilichobaki sasa ni kuteremka tu." Halafu ukacheka. Mimi nilikuzaa, najua kicheko chako cha furaha na kile cha kufunika kitu, na hicho hakikuwa cha furaha. Tena wiki hiyo hiyo dadako akaniambia umewakatalia wenzako wa chama, walitaka uwe mweka hazina ukasema wachukue vijana, na ile mambo ya kujifunza kuendesha gari yenye ulikuwa umeanza kuulizia bei umewachana nayo, ati umri umeenda. Mwanangu, mimi niko na 76 na bado niko na mipango ya mwaka ujao.

Sikuandikii kukugombeza. Nataka kukuambia kitu nimekiona kwa macho yangu miaka yote ya kazi, kwamba vile mtu anauwazia uzee, hata kabla haujamfikia, kunaugeuza huo uzee wenyewe. Na wewe uko mahali pazuri pa kuanza kuuwazia vizuri, kabla hujajizoesha kulalamika.

Unajua nilifanya unesi Kisumu, na sehemu kubwa ya hiyo miaka nilikuwa wodi za watu wazima. Huko ndiko nilisoma haya mambo. Wanaletwa wazee wawili, shida ni moja, tuseme wamevunjika nyonga, umri karibu sawa, daktari ni huyo huyo na dawa ni hizo hizo. Mmoja anageukia ukuta. Ukimletea uji anasema peleka kwa mtu ana maana, ukimwambia tusimame kidogo mguu usikauke anakuambia niache nife mimi ni mzee. Mwenzake anauma meno, analia kabisa kwa uchungu, lakini kesho yake asubuhi anauliza leo tunasimama saa ngapi, anajua wanafunzi wote wa unesi kwa majina na vijiji vyao, na anabishana na jirani wa kitanda mambo ya mpira, Gor na Ingwe, mpaka tunawaambia wapunguze sauti. Sitakudanganya kwamba huyu wa pili alipona kila mara, nimewafunika shuka watu wachangamfu sana. Lakini yule wa ukutani nilikuwa najua kinachofuata: vidonda vya mgongo, kifua kujaa, damu kuganda mguuni, kwa sababu mwili wa mzee usipotembezwa na usipokula unaharibika haraka kuliko wa kijana. Nimeona hivyo mara nyingi sana mpaka siwezi kukubali mtu aniambie ni bahati.

Kijana wako alipokuja likizo alinisomea kwa simu yake utafiti wa mama mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, anaitwa Becca Levy, ulitoka mwaka wa 2002. Kulikuwa na mji mdogo wa Ohio ambako watu walianza kuulizwa maswali 1975, wote walikuwa na miaka 50 kwenda juu, na kati ya maswali kulikuwa na vile wanaona kuzeeka kwao, kama wanahisi wamekuwa bure ama bado wana kazi duniani. Miaka mingi baadaye Levy na wenzake wakachukua majibu ya watu 660 wakaangalia nani alikufa lini. Wale walikuwa wanauona uzee wao vizuri waliishi karibu miaka saba na nusu zaidi ya wale waliouona vibaya, na hiyo ni baada ya kuhesabu umri, afya yao ya wakati huo, mali na upweke. Nilimwambia anisomee tena. Angalia hapo mwanangu, walianza kuwauliza watu wa umri wako. Watu wa 50.

Mtu anaweza uliza sasa mawazo yanaongeza miaka namna gani, na mimi kama nesi naona njia moja waziwazi, sijui kama ni hiyo tu lakini hiyo naijua. Mtu akiamini uzee ni kuoza, kila ugonjwa anauita uzee, na uzee hauna dawa kwa hiyo haendi hospitali. Goti linauma, ni miaka. Anaamka kukojoa mara nyingi usiku, ni miaka, kumbe ni sukari ama tezi dume. Mama amechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili hajui watoto wake, wanasema ni uzee, kumbe ni infeksheni ya mkojo, akipewa dawa anarudi vizuri. Huzuni pia, mzee ananyamaza hali hataki mtu, familia inasema wazee huwa hivyo, na huo ni ugonjwa kamili unatibiwa kama malaria inavyotibiwa. Ukiniona hivyo siku moja usiniambie nichangamke, nipeleke kwa daktari.

Hata jicho langu ni hiyo hadithi. Unakumbuka vile nilikuwa naona ukungu, taa za gari usiku zinanitawanyikia, nikaanza kuacha kusoma Biblia ibada ya jioni nikimpatia mtoto asome. Wanawake wa kanisa wakanifariji wakisema macho nayo huchoka, vumilia. Nilikataa. Nikapanda matatu nikaenda hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, wakasema ni mtoto wa jicho, wakanifanyia oparesheni nikiwa macho kabisa, wakatoa ile lenzi iliyoingia ukungu wakaweka nyingine. Kesho yake walipotoa bandeji niliona mistari ya mkono wangu, nikaona rangi ya leso ya mama aliyekaa mbele yangu ilikuwa ya manjano na mimi tangu jana yake nilidhani ni kahawia, nikalia hapo kwa benchi bila aibu. Sasa fikiria kama ningekubali kwamba ni miaka. Ningekuwa nashikwa mkono kwenda choo, na kila mtu akisema masikini kukhu, yaani nyanya, amezeeka.

Na asubuhi zangu wacha nikueleze zilivyo, usidhani mimi huamka nikiimba. Nikifungua macho magoti yamekazana, kiuno kinauma, na kuna ile nyumba kimya tangu baba yenu atuache, upande wake wa kitanda bado silalii. Hiyo dakika ya kwanza ndio ngumu kuliko siku yote iliyobaki. Mawazo mabaya yako hapo tayari yananingoja, hayahitaji kuitwa. Basi mimi nimejiwekea, kabla sijaweka mguu chini nataja mtu mmoja ananisubiri siku hiyo na kitu kimoja nitafanya kwa mikono yangu. Leo ni yule msichana wa afya ya jamii, anakuja na ile mizani ya watoto tuzunguke naye boma za chini, kesho ni kupalilia njugu, Alhamisi ni chama. Nikishataja hivyo ninasukuma miguu. Siku zingine furaha inakuja saa tatu, siku zingine haiji kabisa, lakini kazi nimefanya na mtu aliyekuwa ananingoja sikumwangusha. Hiyo ndio mimi naita kuchagua. Hisia siwezi kuziamrisha, ila miguu naweza.

Baba yenu nilimlilia na bado namlilia, hasa wakati wa mavuno. Sioni kwamba machozi yanapingana na haya ninayokuambia. Mtu mwenye moyo mzuri ana ruhusa ya kuhuzunika, chenye sitaki ni ile huzuni ikuambie pia wewe umeisha.

Kitu kingine, na hapa huwa nakasirika kidogo. Kuna wale wanakuja kwa mikutano ya wazee na soda, wanatuambia furahini wazee wetu, wanapiga picha wanaenda. Mtu hana unga huwezi mwambia awe na mtazamo mzuri. Jirani yetu wa juu alianza kuchangamka alipoingia kwa Inua Jamii, ile 2,000 serikali inawapa kila mwezi wenye wamefika 70, ni pesa kidogo lakini ananunua sabuni yake na sukari yake bila kuomba mtoto, na hiyo ya kutoomba ndio ilimrudisha kanisani. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, haikusema wazee walishwe tu, imesema tushiriki kikamilifu kwa mambo ya jamii, tujiendeleze, tuishi kwa heshima. Kujiendeleza, mwanangu, na ni sisi wa 60 kwenda juu wameandikia hivyo.

Wewe ulisikia habari za Gogo, yaani nyanya, Priscilla Sitienei wa Ndalat, kule Nandi? Mimi nampenda kwa sababu alikuwa mkunga, ni kama dada wa kazi. Alizalisha wanawake miaka zaidi ya 60, hakuwa amepata nafasi ya shule akiwa mdogo, na akiwa karibu 90 akavaa yunifomu akaingia primary pamoja na watoto wa uzao wake, wengine darasani aliwapokea yeye mwenyewe kwa mikono siku walizaliwa. Alitaka kuwaonyesha wasichana walioacha shule kwamba wanaweza kurudi. Alikufa Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Na kabla yake alikuwa Kimani Maruge pale Eldoret, aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, elimu ya bure ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Yeye alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Hawa watu si wa hadithi za zamani, ni wa hapa hapa, matatu tu inakufikisha.

Ukitaka kujua vile huu umri ni wa karatasi, kumbuka mimi nilistaafu 2004 nikiwa na 55. Serikali ndio ilikuwa inatutoa hivyo. Ijumaa nilikuwa sista wa kutegemewa, Jumatatu nikawa mzee wa kupumzishwa. Halafu 2009 wakapandisha ikawa 60, wenzangu waliokuja nyuma wakaongezewa miaka mitano ya kuwa vijana, na mikono yetu ilikuwa sawa kabisa. Tangu hapo sijawahi kumpatia mtu kazi ya kuniambia niko na miaka ngapi ya kutumika.

Na kuna vitu tunavyo sisi wazee ambavyo bila sisi vinapotea. Isukuti, ile ngoma na densi yetu sisi Waisukha na Waidakho, UNESCO waliiweka 2014 kwa ile orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, juu wenye wanajua vizuri wamezeeka na vijana hawajifunzi. Wanaume wana ngoma zao tatu, kubwa, ya kati na ndogo, lakini nyimbo za wanawake ni nani anazijua hapa kijijini? Ni sisi watatu. Kwa hiyo Jumamosi jioni wasichana wanakuja hapa nyumbani nawafundisha, kiuno changu kinauma kesho yake na sijali. Kabinti ka kakako ka miaka tisa kamezishika kuliko mimi nikiwa na umri wake. Hiyo kazi singeweza kuifanya nikiwa na 30, sikuwa na muda na sikuwa nimezijua vya kutosha. Kuna vitu vinakuja tu ukishaishi, na wewe pia viko njiani vinakuja, subira kwa wateja, kusoma mtu kabla hajafungua mdomo, kujua pesa ya watu haichezewi. Si ndio maana walikutaka uwe mweka hazina? Hawakukosea.

Sasa naomba vitu vitatu hivi. Kwanza upimwe presha na sukari, ukoo wetu unaijua presha, babu yako ilimchukua, na mimi hizi tembe zangu nameza kila siku, moyo mzuri haujawahi kuniondolea tembe hata moja. Pili rudi kwa wale wanawake wa chama uwaambie umefikiria tena. Tatu ni ile gari. Nimetoa kitu kidogo kwa akiba yangu nitakutumia Jumatatu kwa M-Pesa, ni ya masomo ya udereva, usinirudishie na usimlipie mtoto fees nayo.

Jicho langu la kushoto nalo limeanza ukungu, Sabatia wananingoja Machi. Kakako amejitolea kunipeleka nikamwambia nina dereva anatoka Nakuru. Nipigie Jumapili baada ya kanisa uniambie madarasa unaanza lini.

Mama yako.