Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: mtoto chini ya meza ya kukatia

Mheshimiwa Waziri,

Chini ya meza ninayokatia vitambaa, hapa Kawangware, Nairobi, kuna katoni ya sabuni iliyotandikwa vipande vya kitenge. Ndicho kitanda cha binti wa fundi wangu, wa miezi tisa. Siku mamake akikosa shilingi 150 za mlezi, analala humo, ovaloki, mashine ya kupindia kingo, ikinguruma juu yake, nasi tukihesabu mikasi kila mara.

Fundi huyu namlipa 22,000 kwa mwezi. Mlezi, kwa siku 26, anakula 3,900. SHIF, bima ya afya ya jamii, inakata 605, ada ya nyumba za Serikali 330, na NSSF, akiba ya uzeeni, sijaitaja. PAYE, ule ushuru wa mshahara, halipi, maana mshahara haujafika 24,000. Kwa hiyo hata ukitangaza kesho nafuu ya PAYE kwa wazazi, yeye haimfikii. Itamfikia meneja wa benki, ambaye tayari anapata nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima, hata ikiwa bima ya elimu ya mwanawe, na riba ya mkopo wa nyumba, hadi 360,000 kwa mwaka, inaondolewa kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Mlezi wa mtoto ndiye hana mstari kwenye fomu ya ushuru.

Basi nimlipie mimi? Hapo ndipo pananiuma. Biashara yangu iko kwenye ushuru wa mauzo, ile TOT: asilimia 3 ya mauzo yote, faida iwepo isiwepo, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Nikiuza 200,000, KRA, mamlaka ya ushuru, inachukua 6,000. Haiulizi kodi ya kibanda, uzi, wala mlezi. Naam, sheria inaniruhusu kuhamia ushuru wa faida, lakini mhasibu wa kunishikia vitabu hivyo ni ghali kuliko mlezi.

Ombi langu ni hili. Katika Mswada wa Fedha ujao, mwajiri mdogo aruhusiwe kupunguza kwenye TOT yenyewe kile alicholipia malezi ya watoto wa wafanyakazi wake, hadi kiwango mtakachoweka. Nina mafundi wawili wenye watoto wachanga. Nikimlipia kila mmoja nusu ya gharama ya mlezi, jumla ni 3,900; kati ya ile 6,000, Serikali bado inabaki na 2,100 mwezi huo. Mtasema watu wataghushi risiti. Mlezi wetu hulipwa kwa simu, na kila malipo yana jina, tarehe na saa.

Na mkifika hapo, msiwasahau wazee: fundi wangu wa tatu huondoka saa tisa kila siku kwenda kumgeuza babake aliyepooza.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Kibanda changu ni futi 10 kwa 10, na mashine nne ndani. Ukipenda kuja kunionyesha pa kupatenga, karibu. Ila uje asubuhi, kabla mtoto hajalala.

Mshonaji,
Kawangware, Nairobi