Salamu za Pasaka: Alikufa, Akazikwa, Akafufuka

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na marafiki. Kristo amefufuka!

Nawatakia heri ya Pasaka ninyi nyote: mliofika kwa wazazi salama, mlio bado njiani kwenye mabasi, mlio kazini kwa kuwa zamu imewaangukia leo, na wagonjwa mliofuata ibada redioni. Hongereni sana mliobatizwa katika Kesha la Pasaka usiku wa kuamkia leo. Lakini salamu za kwanza kabisa nazipeleka kwa waliozika tangu Pasaka iliyopita. Sikukuu ya kwanza baada ya msiba ni nzito. Mtu anapanga sahani za wali, na mkono kwa mazoea unachukua moja ya ziada.

Kwaresima hii nimekaa sana na sura ya 15 ya barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho. Humo anawakumbusha mahubiri aliyowapelekea alipoingia mjini kwao mara ya kwanza, mnamo mwaka 50 au 51. Ni maneno machache: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akawatokea watu. Paulo anasema wazi kwamba na yeye aliyapokea. Maana yake waamini waliomtangulia walikuwa wameshayaweka katika maneno mafupi ya kukaririwa, na waliokula na Yesu wengi wao walikuwa bado wanatembea.

Hebu mfikirie mji wenyewe. Warumi waliuteketeza Korintho mwaka 146 kabla ya Kristo. Ulikaa magofu karibu karne nzima, hadi Julius Caesar alipoamuru uanzishwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo, na wengi wa waliopelekwa kuujaza walikuwa watumwa walioachwa huru. Sasa, watu wa ukoo wa namna hiyo unapowatajia msalaba, unawatajia nini? Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Spartacus yalipozimwa mwaka 71 kabla ya Kristo, mateka 6,000 walitundikwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma, msalaba baada ya msalaba, ili kila mpita njia aone na ajifunze. Cicero, mwanasheria mkubwa wa Roma, alisema hata jina la msalaba lapaswa kuwa mbali na macho, masikio na mawazo ya raia wa Kirumi.

Basi akatokea Paulo, fundi mahema, akafanya kazi pamoja na Akila na Prisila na kukaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, akiwaambia watu hao kwamba Mwokozi wa ulimwengu alitundikwa hivyohivyo. Mjukuu wa mtumwa hakuhitaji kuelezwa msalaba ni kitu gani. Sisi tunauvaa shingoni, tunauchora kwenye madaftari ya kwaya, hata ukali wake umetutoka machoni. Kwao ilikuwa habari ya aibu ya mtu wa chini kabisa, na Paulo hakuificha wala kuilainisha.

Kisha linakuja jambo ambalo sisi huliruka. Akazikwa.

Kwa aliyesulubiwa, kaburi lilikuwa heshima ambayo mara nyingi hakupewa. Kuachwa juu hadi ndege na mbwa wamalize kulikuwa sehemu ya adhabu. Wayahudi walikuwa na torati iliyoagiza aliyetundikwa mtini azikwe siku ileile, na walijitahidi kuishika hata chini ya Warumi. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, mahali paitwapo Giv'at ha-Mivtar, wachimbaji walikuta sanduku la mawe lenye mifupa ya mtu aliyeitwa Yehohanan. Mfupa wa kisigino chake ulikuwa bado umeshikwa na msumari wa chuma, ncha yake imepinda. Kulikuwa na mtu, basi, aliyekwenda kuuomba mwili ule na kuuzika na msumari wake ndani. Baadaye, kama ilivyokuwa desturi yao, jamaa wakaikusanya mifupa na kuihifadhi vizuri, jina juu ya sanduku. Sijui kama kuna kitu kingine kilichochimbwa kinachonigusa kuliko kile kisigino.

Ndiyo maana simulizi za Injili zinapofika jioni ya Ijumaa hazina haraka. Yusufu wa Arimathaya anajipa moyo na kwenda kwa Pilato. Pilato anashangaa kwamba Yesu amekwisha kufa, anamwita akida ili ahakikishe. Sanda inanunuliwa. Nikodemo analeta manemane na udi, yapata ratli 100. Wanawake wanakaa wakitazama ni wapi anapolazwa, maana wanajua watarudi. Haya ni mambo ya msibani kabisa, sisi tunayajua: nani akaombe mwili, nani alete sanda, kaburi litakuwa wapi. Mwana wa Mungu alipitia yote hayo, na akazikwa katika kaburi la kuazimwa.

Mitume waliibeba habari hiyo popote walipokwenda. Siku ya Pentekoste Petro aliwataja wote wawili, Daudi na Yesu: Daudi alikufa akazikwa, na kaburi lake, akawaambia, liko kwetu hata leo. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia Paulo alieleza jinsi walivyomteremsha mtini na kumweka kaburini, ndipo akasema kwamba Mungu akamfufua. Kifo cha kweli, kaburi la kweli, ndipo ufufuo.

Kama wangetaka urahisi, wangeweza kupunguza. Kule Athene wasomi walimsikiliza Paulo vizuri hadi alipotaja ufufuo wa wafu. Hapo wengine wakadhihaki, ingawa Dionisio Mwareopago na mwanamke aitwaye Damari waliamini. Wengi katika ulimwengu wa Kiyunani waliweza kukubali kwamba roho huendelea kuishi. Mwili uliozikwa kuinuka ndiyo ilikuwa shida, na Korintho kwenyewe, ndani ya kanisa, walikuwako waliosema hakuna ufufuo wa wafu. Paulo akawajibu kwa mashahidi: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, wengi wao wakiwa bado hai alipokuwa akiandika. Anayetaka akawaulize.

Thesalonike nako waamini walifiwa, wakaanza kuhangaika juu ya wapendwa wao waliolala. Paulo hakuwakataza kulia. Aliwaandikia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, na msingi aliowapa ulikuwa huohuo mmoja, kwamba Yesu alikufa akafufuka.

Nasema kwa upendo: Pasaka yetu inatoka Ijumaa hadi Jumapili bila kusimama. Ijumaa Kuu tunalia, na Jumamosi saluni zimejaa, kuku wanapanda bei, fundi anasisitizwa amalize kitenge. Sina ugomvi na kitenge kipya, sikukuu ni sikukuu. Ila siku ile Bwana alikuwa kaburini, na kuna watu miongoni mwetu ambao wamekaa katika Jumamosi hiyo miezi mingi. Tukiwaimbia haleluya huku tumelipita kaburi lao, tutakuwa tumewapa Injili pungufu kuliko ile waliyopewa Wakorintho.

Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian wanalo jambo hapa ambalo ninalipenda kwa moyo wote. Mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, waamini walikusanyika makaburini kabla jua halijachomoza, wakaisubiri asubuhi ya Pasaka wakiwa katikati ya waliolala. Desturi hiyo ilisafiri na wamisionari wao, na wamisionari hao walifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891. Kwa hiyo hata leo kuna wanaoianza Pasaka alfajiri penye makaburi. Magugu yamefyekwa, maua yamewekwa, watoto wamesimama karibu na babu na bibi ambao baadhi yao hawakuwaona, na tangazo la ufufuo linasomwa hapohapo.

Mliofiwa, leo mnaruhusiwa kulia na kuimba katika ibada ileile. Huyo tunayemshangilia alilazwa kwenye jiwe baridi na watu waliompenda, kama mlivyomlaza wenu. Anaijua njia ya kuingia humo na ya kutoka.

Na sisi wengine, leo jioni au kesho Jumatatu ya Pasaka, tupite kwenye nyumba moja iliyofiwa mwaka huu. Tusiende mikono mitupu. Sukari kilo moja inatosha. Tukifika, tumtaje marehemu kwa jina, tukae, tunywe chai.

Pasaka njema kwenu na kwa wote wa nyumbani mwenu. Amefufuka kweli kweli!